Ukungu wa Wundanyi, Joto la Voi: Namna ya Kuelewa na Kutunza Hita na Kiyoyozi cha Vani

Asubuhi ya mwezi wa Julai, matatu iliyojaa abiria inapoondoka Wundanyi kuelekea Mwatate, kioo cha mbele huanza kufunga ukungu kwa ndani kabla gari halijafika mbali. Dereva huchukua kitambaa na kupangusa mahali pa kuchungulia, mkono mmoja ukiwa kwenye kioo na mwingine kwenye usukani. Upande mmoja wa barabara ni mlima, upande wa pili ni bonde. Gari hilo hilo likifika Voi adhuhuri ya mwezi wa Februari, shida huwa imegeuka: madirisha yote wazi, vumbi jekundu linaingia, na mtoto aliye kiti cha nyuma analia kwa joto.

Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wundanyi uko zaidi ya mara mbili ya kimo hicho. Ni kaunti moja yenye hali mbili za hewa, na vani nyingi huzipitia zote mbili kwa siku moja. Magari kama Toyota HiAce na Nissan Caravan, ambayo hubeba abiria, wanafunzi, waumini na watalii wanaozuru mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwa kawaida huja na mfumo wa kukabiliana na baridi na joto. Tatizo ni kwamba mara nyingi mfumo huo umekufa, unafanya kazi nusu, au anayeendesha gari hajawahi kuelezwa unavyotumika.

Makala haya yanaeleza mfumo huo hufanya kazi vipi, dalili za ubovu, mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe, na yale ya kumwachia fundi.

HITA HUTUMIA JOTO LINALOTUPWA NA INJINI

Injini ikifanya kazi hutoa joto jingi kuliko inavyohitaji. Maji yaliyochanganywa na kulanti huzunguka ndani yake, hubeba joto hilo hadi kwenye redieta, na kulitoa nje. Injini ikishapata moto, maji hayo huwa kati ya nyuzi 80 na 100 hivi.

Nyuma ya dashibodi kuna redieta nyingine ndogo. Dereva anapozungusha swichi upande wa rangi nyekundu, sehemu ya maji moto hupita humo, na feni hupuliza hewa juu yake. Hewa inayotoka ndiyo joto tunalolihisi. Baadhi ya vani zina redieta ya pili chini ya viti kwa ajili ya abiria wa nyuma.

Mambo mawili yanatokana na mpangilio huo. La kwanza, hita haiongezi gharama ya mafuta kwa kiasi cha kusumbua, kwa kuwa joto hilo lingetupwa hata hivyo. La pili, afya ya hita ni afya ya maji ya injini. Hita ikipuliza hewa baridi ilhali injini imeshapata moto, huenda maji yamepungua, kuna hewa imekwama ndani ya mabomba, thamostati imekwama ikiwa wazi, au redieta ndogo imeziba kwa kutu.

Kutu na magadi huletwa hasa na maji yanayotumiwa. Madereva wengi hujaza maji yoyote yaliyo karibu, na maji ya visima vya maeneo ya chini mara nyingi huwa na chumvi. Chumvi hiyo huganda kwenye njia nyembamba na kula chuma. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji safi huzuia kutu, na pia hufanya maji yachelewe kuchemka. Kulanti nyingi ni sumu na ina ladha tamu, kwa hivyo isiwekwe kwenye chupa ya soda wala kumwagwa mahali ambapo watoto, mbwa au mbuzi wanaweza kuifikia.

KIYOYOZI HUHAMISHA JOTO

Watu wengi hudhani kiyoyozi hutengeneza baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje, kama friji ya nyumbani inavyofanya.

Kinachobeba joto hilo ni gesi maalumu inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hadi iwe moto sana. Gesi hupita kwenye kondensa, kifaa kinachofanana na redieta na ambacho mara nyingi hukaa mbele ya redieta, ambapo upepo huipoza na kuigeuza kuwa kioevu. Kioevu hupita kwenye kikaushio kinachonyonya unyevu, kisha kwenye tundu jembamba la vali. Kikivuka tundu hilo, mkandamizo hushuka ghafla, nacho huchemka na kuwa gesi tena ndani ya evapareta iliyo nyuma ya dashibodi. Kuchemka huko hunyonya joto la hewa ya ndani. Gesi hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya.

Kuchemka huku hakuhitaji moto. Gesi inayotumika katika magari mengi, R-134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri ikiwa katika mkandamizo wa kawaida wa hewa.

Hewa inapopozwa huacha unyevu wake, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho. Maji hayo hutiririka kupitia bomba dogo hadi chini ya gari. Kwa hivyo matone ya maji safi chini ya vani iliyosimama huku kiyoyozi kikifanya kazi si ubovu. Ni ishara kwamba mfumo unakausha hewa vizuri.

KIOO KIKIFUNGA UKUNGU

Abiria 14 wanaopumua ndani ya gari lililofungwa hutoa unyevu mwingi, hasa wakiwa wamenyeshewa. Unyevu huo ukikutana na kioo baridi hugeuka kuwa ukungu. Kitambaa hakitatui jambo hili, kwani baada ya dakika moja ukungu hurudi na mafuta ya mkono huchafua kioo.

Njia iliyo sahihi ni kutumia mifumo yote miwili kwa pamoja. Dereva aelekeze upepo kwenye kioo cha mbele, achague hewa ya nje, aweke joto, kisha awashe kiyoyozi. Kiyoyozi hukausha hewa, na hita huipasha joto ili iweze kubeba unyevu zaidi kutoka kwenye kioo. Wengi hushangaa kusikia kwamba kiyoyozi ni cha kutumiwa wakati wa baridi, lakini katika barabara yenye kona kali hiyo ndiyo kazi yake muhimu kuliko zote. Kwenye gari lisilo na kiyoyozi, hewa ya nje, hita na madirisha mawili yaliyofunguliwa kidogo husaidia.

Jambo hili lifanywe kabla ya kuondoka stejini.

HEWA YA NDANI AU YA NJE?

Kwenye dashibodi kuna swichi yenye picha ya gari na mshale. Mshale unaozunguka ndani ya gari humaanisha kwamba hewa ya ndani inazungushwa upya. Mshale unaotoka nje kuingia ndani humaanisha hewa mpya.

Kuzungusha hewa ya ndani hupoza gari haraka na huzuia vumbi, kwa hivyo kunafaa unapofuata lori kwenye barabara ya vumbi au wakati wa kuanza kupoza gari lililokuwa juani. Hata hivyo, kusiachwe safari nzima. Hewa iliyopumuliwa na watu wengi hujaa kabonidayoksaidi, abiria huanza kuumwa na kichwa, na dereva huweza kusinzia. Magonjwa yanayoenezwa kwa hewa, ukiwemo ugonjwa wa kifua kikuu, pia hupata nafasi palipo na watu wengi na hewa isiyobadilishwa. Gari likishapoa au vumbi likipita, swichi irudishwe kwenye hewa ya nje.

Gari likiwa limesimama juani, lisianze kupozwa likiwa limefungwa. Milango na madirisha yafunguliwe kwa dakika moja au mbili ili joto litoke kwanza, ndipo kiyoyozi kiwashwe. Kompresa hupata nafuu na mafuta huokolewa. Kwa vani za watalii, kiyoyozi hakiwezi kupoza gari lenye paa lililoinuliwa. Ni heri kukizima wakati wa kutazama wanyama.

GARI LINAPOCHEMKA MLIMANI

Kupanda mlima na mzigo kamili huku kiyoyozi kikiwaka ni kazi nzito kwa injini. Kompresa huvuta nguvu, na kondensa hutupa joto lake mbele ya redieta ambayo tayari imelemewa.

Mshale wa joto ukianza kupanda kupita kawaida, dereva azime kiyoyozi mara moja. Ukizidi kupanda, afungue madirisha na kuwasha hita kwa joto la juu kabisa, feni ikiwa kasi ya mwisho. Abiria watalalamika, lakini redieta ndogo ya hita itakuwa inasaidia kutoa joto kwenye injini hadi gari lifike mahali salama pa kusimama. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, hakuna safari tena: gari lisimamishwe na injini izimwe. Vilevile, ikiwa injini inachemka lakini hita inapuliza baridi, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yamekwisha. Hapo pia injini izimwe bila kuchelewa.

Kifuniko cha redieta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yamekandamizwa na yanaweza kuruka na kuunguza uso na mikono. Gari lisubiriwe lipoe kabisa, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji baridi yasimwagwe ghafla ndani ya injini yenye moto, kwani chuma kinaweza kupasuka.

DALILI NA MAANA ZAKE

Kiyoyozi kinapoza gari likiwa mwendoni lakini hupuliza hewa vuguvugu likisimama. Huenda kondensa imejaa vumbi na wadudu, au feni yake haizunguki.

Upepo ni mwingi lakini hauna baridi. Huenda gesi imevuja, klachi ya kompresa haishiki, fyuzi imeungua au mkanda umelegea.

Upepo ni dhaifu kwa kila kasi. Chujio la hewa ya ndani limeziba. Katika magari mengi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, na kwa barabara zetu za vumbi huziba haraka. Baadhi ya vani za zamani hazina chujio kabisa, na vumbi hufika moja kwa moja kwenye evapareta.

Upepo hutoka kwa kasi ya mwisho tu. Kwa kawaida kifaa kidogo kinachogawa kasi za feni kimeungua. Feni yenyewe huwa nzima, kwa hivyo mwenye gari asikubali kuuziwa feni mpya kabla ya kifaa hicho kupimwa.

Harufu ya uvundo. Kuvu imeota kwenye evapareta yenye unyevu. Kuzima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika na kuacha feni ikiendelea hukausha sehemu hiyo.

Kapeti ya mbele imelowa maji safi. Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba, mara nyingi kwa vumbi au matope.

Harufu tamu, kioo chenye utando wa mafuta na kapeti yenye unyevu unaonata. Redieta ndogo ya hita inavuja kulanti. Hili lishughulikiwe haraka, kwa sababu maji ya injini yanapungua kimyakimya.

“GESI IMEISHA”: TAHADHARI KWENYE GEREJI

Maneno hayo husikika sana msimu wa joto unapoanza. Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka ileile mwaka baada ya mwaka. Kiasi kidogo sana huweza kupenya kwenye mipira kwa muda mrefu, lakini ikipungua hadi baridi ipotee, kuna mahali inavuja. Anayejaziwa gesi bila uvujaji kutafutwa atarudi kulipa tena.

Kazi inayofanywa ipasavyo hufuata hatua. Fundi huunganisha geji na kupima mkandamizo wa pande zote mbili. Hutafuta uvujaji kwa kifaa cha kunusa gesi, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kwa povu la sabuni kwenye viungo. Gesi iliyobaki huvutwa na mashine hadi kwenye mtungi. Sehemu mbovu ikitengenezwa, mfumo hutolewa hewa na unyevu kwa pampu, kazi inayochukua nusu saa au zaidi, na huachwa kwa muda ili kuona kama unashika. Ndipo gesi hujazwa kwa kupimwa kwa gramu, kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Gesi nyingi kupita kiasi hupunguza baridi na kuumiza kompresa.

Mwenye gari ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: Uvujaji ulikuwa wapi? Gesi iliyowekwa ni ya aina gani? Ni gramu ngapi?

Swali la aina ya gesi si dogo. Magari ya zamani yalitumia R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ambayo dunia iliamua kuiacha kupitia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini kilo moja ikiachiwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kabonidayoksaidi. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanataka gesi za aina hiyo zipunguzwe hatua kwa hatua. Baadhi ya magari mapya hutumia R-1234yf. Gesi hizi hazichanganywi, na kuzifungulia zitoke hewani ni kuharibu mazingira.

Hatari kubwa zaidi ni kujazia gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi kupatikana. Inaweza kupoza, lakini inashika moto. Evapareta iko ndani ya gari, mbele ya miguu ya abiria. Ikivuja, cheche moja inatosha. Mwenye gari asikubali jambo hilo kwa bei yoyote.

Kufungua mabomba ya kiyoyozi si kazi ya mwenye gari. Mkandamizo wa upande wa juu unaweza kuzidi ule wa tairi mara kadhaa, na gesi inayotoka hugandisha ngozi na macho.

HATARI ZINAZOUA

Moshi wa injini una kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ekzosi iliyotoboka chini ya vani, pamoja na tundu kwenye sakafu au mlango wa nyuma usiofunga vizuri, huiingiza ndani. Dalili ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja. Abiria watolewe nje wapate hewa safi, na wenye dalili wapelekwe hospitalini. Dereva asilale ndani ya gari lililofungwa huku injini ikiwaka ili apate joto au baridi, hasa kwenye gereji au karibu na ukuta. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya gari kamwe.

Hatari ya pili ni mtoto kuachwa garini. Gari lililofungwa juani huweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na huendelea kupanda. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii vya kutosha, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Madereva na wasimamizi wa vani za shule wahesabu watoto wanapoingia na wanapotoka, kisha mtu mmoja apite kiti kwa kiti hadi nyuma kabla ya kufunga mlango.

RATIBA YA MATENGENEZO

Kila siku: Kagua kiwango cha kulanti injini ikiwa baridi. Tazama chini ya gari kama kuna maji ya rangi au oili.

Kila wiki: Washa kiyoyozi kwa dakika 10, hata msimu wa baridi. Oili ya kompresa husafiri na gesi, na kuizungusha huzuia mipira ya viungo kukauka na kupasuka. Washa hita pia na ujaribu kasi zote za feni. Pangusa kioo cha mbele kwa ndani kwa kitambaa safi.

Kila mwezi: Safisha kondensa na redieta kwa maji ya kawaida, injini ikiwa imepoa. Maji ya nguvu sana hukunja mapezi yake membamba. Pakuta au badilisha chujio la hewa. Kagua mkanda kama una nyufa au umelegea, na ubonyeze mipira ya maji kuona kama imevimba au kulainika.

Kila mwaka, kabla ya joto la Januari: Mpelekee fundi apime mkandamizo wa kiyoyozi, thamostati, feni na kifuniko cha redieta, na akague ekzosi yote. Kwa kipimo cha haraka, weka kipimajoto kwenye tundu la upepo: kiyoyozi kizima kwa kawaida hutoa hewa ya nyuzi 5 hadi 12. Kulanti ibadilishwe kulingana na kitabu cha gari.

KWA ABIRIA NA WAZAZI

Abiria si mzigo, na ana haki ya kusema. Ukiona dereva anaendesha akichungulia kwenye kitundu alichopangusa, mwombe asimame asafishe kioo kwanza. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, au watu kadhaa wakianza kulalamika kichwa, fungua dirisha na mwambie utingo. Mzazi anayelipia vani ya shule aulize nani huhesabu watoto, na kama kuna anayekagua viti vya nyuma.

Wenye magari nao wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya ratiba hii haihitaji fundi. Inahitaji ndoo ya maji, kitambaa safi na dakika chache kabla ya safari ya kwanza ya asubuhi.